Okoa Kanda Zako: Mwongozo wa Kuhamishia Vipindi vya Runinga Kwenye Diski

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilizowahi kuwa na deki bado zina kanda. Ziko juu ya kabati, stoo, au kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa tangu deki ilipoharibika. Ndani yake kuna vipindi vilivyorekodiwa moja kwa moja kutoka runingani: Vitimbi na Vioja Mahakamani vya KBC, maigizo ya kundi la Kaole yaliyoonyeshwa ITV, taarabu iliyorushwa na Televisheni Zanzibar, taarifa ya habari ya siku ambayo mwenye nyumba aliona isipotee.

Aliyebonyeza kitufe cha kurekodi alitaka tu kuangalia tena kesho. Hata hivyo huenda alifanya kazi ambayo kituo chenyewe hakikuifanya. Kanda za studio zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilizifuta na kurekodia tena. BBC ya Uingereza ilipoteza kwa njia hiyo sehemu nyingi za tamthilia ya Doctor Who za miaka ya 1960. Sauti za sehemu hizo zote zimesalia kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani kwao. Huko Philadelphia, Marekani, mama mmoja aitwaye Marion Stokes alirekodi taarifa za habari usiku na mchana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, na leo ni hazina ya watafiti.

Kwa hiyo ichukulie kila kanda uliyo nayo kana kwamba ndiyo nakala pekee iliyobaki, kwa maana inawezekana kabisa kwamba ndivyo ilivyo. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kutoa kipindi kwenye kanda kwa kompyuta ya nyumbani, kukichoma kwenye diski, na kukitunza ili mtu mwingine aweze kukifungua miaka 20 ijayo. Kanuni moja inaongoza hatua zote: tenga nakala kuu na nakala ya kutazama. Nakala kuu ni ile iliyotoka kwenye kanda bila kupunguzwa wala kupambwa, nayo haiguswi tena. Nakala ya kutazama ndiyo unayoikata, unayoipunguza ukubwa, na unayowapa jamaa.

Kwa nini usingoje

JVC ya Japani ilianza kuuza mfumo wa VHS mwaka 1976. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki, Funai, iliacha mwaka 2016. Deki zote zilizopo sasa ni za zamani. Mipira yake inakauka, vichwa vyake vinalika, na mafundi wanaozijua wanapungua. Kanda nazo zinazeeka. Picha imeandikwa kwa chembe za sumaku zilizogandishwa juu ya utepe mwembamba wa plastiki, na gundi inayozishika huharibiwa na joto na unyevu. Mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, adui mkubwa ni kuvu.

Anza na kanda zisizopatikana kwingine. Filamu ya kununua dukani inaweza kungoja, maana nakala zake zimetapakaa. Habari za kituo cha mkoani, igizo la kikundi kilichovunjika, mahojiano na mtu aliyekwisha kufariki: hizo ndizo za kwanza.

Vifaa utakavyohitaji

*Deki inayofanya kazi.* Deki nzuri ndiyo nusu ya kazi, kwa sababu hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha kile ambacho deki haikukisoma. Tafuta yenye vichwa vinne au zaidi na sauti ya stirio. Hakikisha inasoma mfumo wa kanda zako. Kenya, Tanzania, Uganda na Omani zilitumia PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Kanda iliyorekodiwa Marekani ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Kongo na Burundi zilifuata SECAM ya Kifaransa. Kanda ikionyesha picha isiyo na rangi, au picha inayopanda na kushuka, usidhani imekufa. Huenda ni mfumo tu haulingani.

*Kifaa cha kunasa video.* Ni kidude kidogo cha USB chenye matundu ya waya za AV, yaani njano ya picha, na nyekundu na nyeupe za sauti. Kikiwa na tundu la S-Video, na deki yako pia inalo, tumia hilo kwa picha. Rangi na mwanga husafiri kwenye nyaya tofauti na picha hutulia zaidi.

*Kompyuta yenye nafasi.* Haihitaji kuwa ya kisasa sana, ila iwe na diski yenye nafasi ya kutosha. Diski ya nje iandaliwe kwa mfumo wa NTFS au exFAT. Ile ya FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, na kurekodi kutakatika katikati ya kipindi.

*Kichomea diski.* Kompyuta nyingi za sasa hazina, lakini kichomea cha nje cha USB kinapatikana. Ukiweza, nunua kinachochoma Blu-ray pamoja na DVD.

*Umeme wa uhakika.* Kompyuta ya mapajani ina betri, lakini deki haina. Umeme ukikatika kanda inaweza kubaki imejizungusha kwenye vichwa. UPS ndogo inayobeba deki peke yake inatosha kukupa muda wa kuizima taratibu.

Kuandaa kanda na deki

1. Vunja kibanzi kidogo cha plastiki kilicho kwenye mgongo wa kanda. Bila kibanzi hicho deki haiwezi kurekodi juu yake, hata kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya.

2. Iangalie kanda kupitia dirisha lake. Ukiona unga mweupe au madoa kama ya vumbi juu ya utepe, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye deki. Itachafua vichwa, na vichwa vitaiambukiza kila kanda itakayofuata. Ifungie kwenye mfuko peke yake na umpelekee fundi anayesafisha kanda.

3. Kanda iliyokaa miaka bila kuguswa ipeleke mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mwanzo, kabla ya kuicheza. Utepe ulionatana huachia, na mkazo wake unakuwa sawa.

4. Safisha vichwa vya deki. Mwenye uzoefu hutumia kipande cha ngozi laini au karatasi isiyotoa nyuzi, iliyoloweshwa kwa spiriti safi ya isopropili. Hukishika kipande hicho kikiwa kimetulia na kuizungusha ngoma ya vichwa kwa kidole. Kamwe usisugue juu na chini, wala usitumie pamba. Vichwa ni vyembamba na huvunjika. Usipokuwa na uzoefu wa kufungua vyombo vya umeme, muachie fundi.

5. Jaribu deki kwa kanda isiyo na thamani kwanza. Deki inayotafuna utepe haisemi mapema.

6. Ingia kwenye menyu ya deki na uzime ile skrini ya bluu inayotokea ishara inapodhoofika. Ukiiacha, kila mahali picha inapofifia kidogo deki itaifunika kwa bluu, nawe utapoteza sekunde ambazo zingeonekana.

Kunasa picha kwa kompyuta

Kanda haina njia ya mkato: kipindi cha saa moja kinanaswa kwa saa moja. Kanda ya E-180 ni saa 3 kwa mwendo wa kawaida, na ikiwa ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole ni saa 6. Panga siku kwa hesabu hiyo.

Kwenye Windows programu inayofaa ni VirtualDub2, ambayo ni ya bure. OBS Studio ni rahisi zaidi kutumia, lakini imeundwa kwa picha nzima-nzima, na picha ya runinga ya zamani haikuwa hivyo. Runinga ya PAL ilichora kwanza mistari isiyogawika kwa mbili, kisha ile inayogawika, nusu 50 kwa sekunde. Ndiyo maana ukiangalia kanda kwenye kompyuta unaona michirizi kama meno ya kitana pembeni mwa mtu anayetembea. Michirizi hiyo si kasoro. Ni nusu mbili za picha zilizonaswa kwa nyakati mbili tofauti, na katika nakala kuu inatakiwa ibaki.

Mipangilio ya nakala kuu ni hii: ukubwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, sauti ya 48,000 Hz isiyobanwa. Kwa picha chagua FFV1. Hii ni njia ya kubana isiyotupa kitu chochote, na hifadhi za nyaraka katika nchi mbalimbali zinaitumia. Inakula gigabaiti 30 hivi kwa saa. Ukiona ni nyingi mno kwa vipindi vya kawaida, nasa kwa H.264 ya megabiti 10 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 4.5 kwa saa. Lakini kwa kile kipindi usichoweza kukipata tena, usione uchungu wa nafasi.

Kabla ya kuanza:

- Zima masasisho ya kompyuta, usingizi wa skrini na programu nyingine zote. Kompyuta ikishughulika na jambo jingine hata kwa sekunde moja, picha kadhaa hudondoka na sauti huanza kuachana na midomo.
- Nasa dakika 5 za majaribio. Angalia mwanga: uso wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe usiwe umeungua, na koti jeusi lisiwe doa moja.
- Sikiliza kwa spika za masikioni. Deki ya sauti ya mono hupeleka sauti upande mmoja tu. Iache hivyo katika nakala kuu, utaisambaza pande zote mbili baadaye.
- Rekebisha usomaji wa kanda kwa vitufe vya deki mpaka ukanda wa chengachenga utoke katikati ya picha. Chengachenga nyembamba chini kabisa ni kawaida ya VHS. Runinga za zamani ziliificha nyuma ya fremu.

Anza kurekodi kwenye kompyuta kabla ya kubonyeza kitufe cha deki, na uache sekunde kadhaa baada ya kipindi kwisha. Programu itakuonyesha idadi ya picha zilizodondoka. Zikiwa chache sana katika saa nzima, endelea. Zikiwa nyingi ilhali kompyuta haishughuliki na jambo jingine, kosa huwa kwenye ishara inayoyumba kutoka kwenye deki. Dawa yake ni kupitisha waya za deki kwenye mashine ya kurekodia DVD ya sebuleni kabla ya kufika kwenye kompyuta. Nyingi za mashine hizo huituliza ishara.

Ukimaliza, angalia mwanzo, katikati na mwisho. Mwisho ndio muhimu zaidi, maana huko ndiko sauti iliyoachana na picha hujionyesha.

Kama kipindi kiko kwenye king'amuzi

Tangu matangazo ya analogi yazimwe, Tanzania ikianza mwishoni mwa 2012 na Kenya mwaka 2015, watu hurekodi kwa flashi iliyochomekwa kwenye king'amuzi. Hapa kazi ni nyepesi, kwa sababu kipindi tayari ni faili la dijitali. Chomeka flashi kwenye kompyuta na utafute faili lenye mwisho wa .ts. Jaribu kulifungua kwa VLC.

Likifunguka, linakili kama lilivyo. Hiyo ndiyo nakala kuu yako. Usiligeuze kuwa aina nyingine kwa nia ya kulihifadhi vizuri zaidi, kwani kila kugeuza hutupa kitu. Lisipofunguka, huenda king'amuzi kimelifunga kwa ufunguo wake, na faili hilo litachezwa na king'amuzi hichohicho peke yake. Kikiharibika, kila ulichorekodi kimekwenda nacho. Hapo rudi kwenye waya za AV: cheza kipindi kwenye king'amuzi na ukinase kwa kompyuta kama ulivyofanya kwa deki.

Kukata, na kile ambacho hakikatwi

Nakala kuu isikatwe ndani. Punguza tu utupu wa mwanzo na wa mwisho, tena kwa LosslessCut au Avidemux, ambazo hukata bila kubana upya.

Watu wengi hukimbilia kuondoa matangazo ya biashara. Naomba uyaache. Tangazo la sabuni, saa ya kituo kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji anayesema kipindi kitakachofuata, salamu za sikukuu: hivyo ndivyo vitu ambavyo hakuna aliyevihifadhi kwa makusudi. Igizo lenyewe huenda lipo mahali pengine. Bei ya unga iliyotajwa kwenye tangazo, nembo ya benki ambayo haipo tena, Kiswahili cha matangazo cha mwaka huo, hivyo viko kwenye kanda yako. Mwanafunzi wa historia atakushukuru kwa dakika zilezile ulizotaka kuzitupa.

Nakala ya kutazama ikate upendavyo. Tumia HandBrake, washa kichujio cha kuondoa mistari ya kupishana, na uchague kitoe picha 50 kwa sekunde ili mwendo uwe laini. Weka umbo la 4 kwa 3. Usiivute picha ijaze skrini pana, watu watanenepa na nyuso zitapotoka.

Diski gani, na inabeba nini

Kuna njia mbili za kuchoma, na kuzichanganya ni chanzo cha malalamiko mengi.

*DVD ya kuchezwa* ndiyo inayoingia kwenye mashine iliyo chini ya runinga. Picha yake huwa ya MPEG-2, na programu kama DVDStyler hukutengenezea pamoja na menyu. Chagua PAL na 4 kwa 3. Programu ikiuliza ni mistari ipi ianze, kwa vifaa vingi vya USB jibu ni ya juu. Mwendo ukionekana kutetemeka mbele na nyuma, umechagua kinyume.

*Diski ya data* hubeba mafaili kama yalivyo. Mashine ya sebuleni inaweza isiisome, lakini kompyuta yoyote itaifungua. Nakala kuu huwekwa hapa.

DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ingawa Windows huonyesha karibu 4.38 kwa sababu huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Kwa DVD ya kuchezwa, ukadirie hivi:

- Saa 1: megabiti 8 kwa sekunde, picha nzuri kabisa.
- Dakika 90: megabiti 6.5.
- Saa 2: megabiti 4.8, bado inapendeza.
- Saa 3: gawa kwenye diski mbili. Ukiibana kwenye moja, chengachenga za kanda zitageuka viboksi.

Kwa nakala kuu za FFV1, DVD ni ndogo mno. Blu-ray ya gigabaiti 25 hubeba dakika 50 hivi. Zipo pia za 50 na za 100. Kipindi cha nusu saa kinaingia bila taabu.

Kuhusu ubora, kumbuka kwamba DVD ya kuchoma huandikwa kwa mwali kwenye rangi ya kikaboni, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Ndiyo sababu diski mbili zinazofanana madukani zinaweza kuachana kwa miaka mingi ya uhai. Nunua za kampuni inayojulikana na uepuke zile zisizo na jina zinazouzwa kwa rundo. Usitumie za aina ya RW, zile za kufuta na kuandika tena. Hazikuundwa kwa kudumu. Ipo pia M-DISC, ambayo safu yake ya kuandikia si ya rangi hiyo na imetengenezwa makusudi kwa hifadhi ndefu. Ni ghali, basi iwekee vile vipindi vichache usivyotaka kuvipoteza kwa hali yoyote. Kabla ya kununua M-DISC ya DVD, hakikisha kichomea chako kimeandikwa kwamba kinaikubali.

Kuchoma na kuhakiki

Kwa Windows tumia ImgBurn. Kwa Linux K3b au Brasero. Fuata utaratibu huu:

1. Usiijaze diski mpaka ukingoni. Acha nafasi kidogo, kwa maana ukingo wa nje ndio unaoanza kuharibika na ndio unaoshikwa na vidole.
2. Chagua kasi ya wastani, mara 4 hadi 8 kwa DVD, na usiguse kompyuta wakati inachoma.
3. Chagua programu ihakiki diski baada ya kuchoma. Inachukua dakika chache, na ndiyo tofauti kati ya kuwa na nakala na kudhani unayo.
4. Funga diski kabisa ili isiongezwe kitu.
5. Ifungue kwenye mashine nyingine, si ile iliyoichoma. Kichomea huweza kusoma kazi yake mwenyewe hata ikiwa dhaifu.

Ongeza ulinzi mmoja zaidi: alama ya SHA-256. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili lote. Ikibadilika biti moja, alama yote hubadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike *certutil -hashfile* ikifuatwa na jina la faili na neno *SHA256*. Iandike alama hiyo kwenye faili la maandishi na ulichome pamoja na kipindi. Miaka ijayo, mtu akikokotoa tena na kupata alama ileile, atajua hakuna kilichoharibika.

Majina na maelezo

Diski isiyo na maelezo ni karibu sawa na diski iliyopotea. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku ili mafaili yajipange yenyewe, kisha kituo, kisha kipindi: *1997-08-14_ITV_Taarifa-ya-Habari*. Usipojua siku, andika mwaka peke yake. Usiubuni. Mara nyingi kanda yenyewe ina ushahidi: kalenda ukutani, mechi inayotangazwa, jina la waziri.

Katika kila diski weka faili la maandishi ya kawaida lenye haya:

- Kipindi, kituo, na tarehe kama inavyojulikana.
- Nani alirekodi, na kwenye nyumba au mji gani.
- Waigizaji, waimbaji au watangazaji wanaotambulika.
- Hali ya kanda: mahali picha inapokatika, sauti inapopotea.
- Deki, kifaa cha kunasa na programu zilizotumika, na siku ya kunasa.

Kaa na wazee mnapoandika orodha ya majina. Kwenye Vitimbi, Mzee Ojwang na Mama Kayai kila mtu anawajua. Aliyeigiza jirani kwa dakika mbili, au aliyepiga kinanda nyuma ya mwimbaji, anajulikana na wachache, na hao wachache ndio wa kuulizwa leo.

Juu ya diski andika kwa kalamu laini isiyo na spiriti, na ukiweza andika kwenye mduara wa ndani ambako hakuna data. Usibandike karatasi. Gundi yake hula diski polepole, na uzito usio sawa huifanya iyumbe ikizunguka.

Kutunza

Simamisha diski wima ndani ya kasha lake, mahali penye giza, pakavu na pasipo joto kali. Kabati la ukuta wa ndani ni bora kuliko rafu ya dirishani. Pwani, tia vifuko vya kunyonya unyevu kwenye sanduku na uvibadilishe vikilowa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na nakala moja haihifadhi kipindi. Uwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nyumba nyingine: diski moja kwako, diski ya pili kwa ndugu aliye mji mwingine, na faili hilohilo kwenye diski ya nje ya kompyuta. Moto, mafuriko na wezi hawachagui. Kuweka kipindi kwenye mtandao hakuhesabiwi humo, kwa sababu mitandao ya video hubana picha upya na inaweza kukifuta.

Mara moja kwa mwaka toa diski kadhaa, zifungue, na ulinganishe alama ya SHA-256. Ikianza kusomeka kwa shida, inakili siku hiyohiyo. Kila baada ya miaka kadhaa hamishia mkusanyiko wote kwenye vyombo vipya. Kanda zenyewe usizitupe hata baada ya kuzinasa. Siku moja huenda ukapata deki bora kuliko uliyotumia.

Haki za waliotengeneza

Kumiliki kanda hakukupi umiliki wa kipindi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, Tanzania ina yake ya mwaka 1999, na zote zinawalinda waliotunga, walioigiza na waliorusha. Tunza nakala kwa matumizi ya nyumbani. Usiziuze, usizikodishe, wala usizipandishe mtandaoni bila idhini. Wasanii wetu wengi waliishi na kufa bila kufaidika na kazi zilizowapa jina. Uhifadhi wetu usiwe mlango mwingine wa kuwanyonya.

Lakini usiishie kujifungia nazo. Ukimaliza kuandika orodha ya vipindi vyako, mwandikie mkuu wa maktaba ya kituo kilichovirusha, au hifadhi ya nyaraka ya taifa, uwaeleze unacho kipindi gani, cha tarehe gani, na kiko katika hali gani. Waulize kama wao wanacho. Wakisema hawana, wapelekee nakala kuu, pamoja na faili la maelezo na alama yake ya uhakiki, na uombe barua ya kupokelewa. Iandikie pia familia ya msanii ukiweza kuifikia, kwa maana wapo watoto ambao hawajawahi kumwona mzazi wao akiwa kazini.

Wiki hii toa kanda zote ulipoziweka, zipange juu ya meza, na uandike orodha. Weka alama kwenye tatu ambazo hukuwahi kuona nakala zake popote. Anza na hizo.